Sukari ya Koko

Harufu ya kibuyu kilichofukizwa moshi ikinipata popote, hata sokoni Kisaju katikati ya vitunguu na mitumba, huwa nainamisha macho kama mtoto aliyeitwa mbele ya darasa. Niwaambie kwa nini, ila msinicheke sana.

Nilikuwa na miaka tisa na tulikuwa tumepanga nyumba Noonkopir. Mama alipojifungua mdogo wangu, jirani yetu Mmasai, ambaye mtaa mzima ulimwita Koko, yaani nyanya, alimletea maziwa ndani ya kibuyu chake kizuri chenye ukanda wa ngozi na shanga nyekundu. Alikuwa amekuja nacho siku aliyoolewa. Maziwa yalikuwa na ladha ya moshi, na Mama aliyanywa hadi tone la mwisho. Kisha akanipa kibuyu na pakiti ya sukari.

"Rudisha kibuyu cha watu. Na usiende mkono mtupu."

"Saa hii, Mama."

Saa hii yangu ilikuwa pana. Kwanza nilikuwa naruka kamba. Halafu jua likawa kali. Kesho yake nikasema nikitoka shule, na nilipotoka shule nikasema acha kwanza nile. Nilivisukuma vyote chini ya kitanda, na pakiti ikatoboka pembeni, sijui vipi. Najua vipi. Nilichovya kidole, nikachovya tena, na kufikia Ijumaa ilikuwa imebaki sukari ya kikombe kimoja cha chai. Sasa nikawa na sababu nzuri zaidi: nilingoja Mama anunue nyingine nichote ya kujazia.

"Umepeleka?" Mama aliuliza.

"Ndio naenda."

Mtoto akalia, naye akasahau.

Koko alikuja kwetu mara tatu. Kila mara niliinamisha kichwa aniguse utosini, kama watoto wa kwao wanavyosalimia wakubwa, na mkono wake ulikuwa mkavu na wenye joto. Alikunywa chai, akamsifu mtoto, akaniuliza kuhusu shule, akaenda zake. Hakutaja kibuyu. Nilifurahi, nilidhani naye amesahau.

Mara ya tatu alimwambia Mama kuhusu bintiye, "Naserian wangu anaolewa Jumamosi." Alisema akinitazama mimi.

Siku iliyofuata nilikitoa kibuyu. Ndani kulikuwa na ukungu na harufu ya kutapisha. Nikafanya nilivyofanya na sufuria za kwetu: maji moto, sabuni ya unga, brashi, kisha nikakianika juu ya mabati. Hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba kibuyu hakioshwi kwa sabuni, kwamba husafishwa kwa kijinga cha moto. Ningekirudisha siku ile ile, Koko angekisafisha mwenyewe. Jioni kilikuwa na ufa kutoka mdomoni hadi tumboni.

Nilikipeleka Ijumaa, siku moja kabla ya harusi, bila sukari. Koko alikinusa, akafumba macho.

"Umeosha."

"Ndio, Koko."

"Mama, sasa nitabeba gani?" Naserian alimuuliza Koko. Kumbe bibi harusi huondoka kwao na kibuyu cha maziwa, na hicho ndicho alichokuwa amewekewa tangu azaliwe.

"Tutaazima kwa jirani," Koko akasema. Kisha akaniwekea mkono utosini na kunishukuru kwa kukileta. Afadhali angenichapa.

Ilinichukua miaka mingi kuelewa zile ziara tatu. Kwa Koko, kumdai mwanamke aliyetoka kujifungua chombo ulichomletea nacho maziwa ni aibu, kwa hiyo alikuja kuketi mbele yangu, akanywa chai asiyoitaka, akinipa nafasi ya kuinuka na kukileta mwenyewe. Mara tatu. Nami nilikuwa nahesabu vidole vya sukari.

Koko bado yuko hai. Anaishi na Naserian hapo Kisaju, na kutoka kwangu si mbali. Mwezi wa kwanza mwaka huu nilinunua kilo mbili za sukari nimpelekee na kumwomba msamaha. Nikasema wikendi hii. Kisha nikasema mvua ikiisha, halafu watoto wakifunga shule. Naandika haya badala ya kwenda, hilo nalijua.

Jumanne iliyopita wageni walikuja na sukari ilikuwa imetuishia. Binti yangu akauliza kama afungue ile pakiti ya kabatini.

"Fungua tu," nikamwambia. "Nitanunua nyingine kesho."