Upepo wa Tarehe Ishirini na Tatu

Siogopi kumsema Joëlla, kwa sababu nikimsema yeye najisema na mimi. Meza zetu zilitazamana katika ofisi ya mradi wa ndege wa ziwa, yake dirishani, yangu mlangoni. Yeye alikuwa mtafiti wa miaka ishirini na sita, mpangaji wa chumba kimoja mtaa wa Mutanga Sud, akiandika kitabu chake cha masters. Mimi ni mwingiza takwimu: karatasi zikitoka ziwani, nazipiga kwenye kompyuta. Watu huniita Mama Orlane, na wengi wanajua mdomo wangu hauna breki. Siku moja tu breki zilishika, na ndiyo siku ninayoieleza.

Kazi ya Joëlla ilikuwa kuhesabu ndege tunaowaita ndege-mkasi. Mgongo mweusi, tumbo jeupe, mdomo mwekundu ambao sehemu yake ya chini ni ndefu kuliko ya juu. Anaruka akikata uso wa maji kwa ule mdomo, na samaki akiugusa tu, ndege anaufumba. Anataga chini, kwenye mchanga mtupu, hata jani la kutandika hana. Hapa kwetu walitaga kwenye kisiwa kidogo cha mchanga pale mto Rusizi unapoingia ziwani. Mara mbili kwa mwezi Joëlla alivuka kwenda kuwahesabu kwa boti ya Mzee Twalibu, mvuvi wa mtaa wa Buyenzi, mtu anayewajua viboko wa pale mmoja mmoja kwa tabia zao.

Kila hesabu ilikuwa na karatasi yake, sisi tunaiita fishi: tarehe, saa, upepo, ndege wangapi, viota vingapi, na chini kabisa saini ya mtafiti na saini ya shahidi. Shahidi alikuwa Mzee Twalibu. Na hapo ndipo tulipojiroga wenyewe. Boti ikitia nanga, mzee ana haraka ya kuwahi adhuhuri, mikono imelowa, karatasi inachanika. Basi wakapatana kwamba atasaini fishi za miezi mitatu kwa mkupuo, zikiwa tupu, nchi kavu.

"Jaza we mwenyewe, mademoiselle," alimwambia. "Macho yako ni macho yangu."

Ofisi nzima tulijua. Tuliona ni jambo la akili.

Tarehe ishirini na tatu Oktoba ilikuwa siku ya hesabu. Mji ulikuwa hauna esansi, foleni za magari zimelala kwenye vituo vya mafuta tangu juzi. Asubuhi Mzee Twalibu akapiga simu. Niliisikia sauti yake kutoka mezani kwangu.

"Esansi apana, mademoiselle. Ata ya kulamba. Tungojee wiki ijayo."

Joëlla angeweza kupanda baiskeli ya abiria mpaka ufukweni, akatazama kwa darubini. Lakini mvua ilikuwa inanyesha, na ripoti ilitakiwa Ijumaa. Nilimwona akivuta fishi tupu yenye saini ya mzee. Akaweka kando yake fishi ya tarehe tisa, akaanza kuandika. Ndege hamsini na wanane wakawa sitini na mmoja. Viota kumi na vitano vikawa kumi na saba. Alipofika kwenye upepo aliinua kichwa, akatazama pazia la dirisha letu, akaandika: wa kusini, kidogo.

Akaniletea. Nikaipiga. Nilijiambia huyu ni binti wa watu, amechoka, na ndege watatu wa kuongeza hawamuui mtu.

Tulichokuwa hatujui ni kwamba mvua za milimani zilikuwa zimeujaza Rusizi. Tangu tarehe ishirini na moja kile kisiwa kilikuwa chini ya maji, na mayai yote yamekwenda. Wavuvi wa makasia, waliopita pale, walijua. Sisi wenye kompyuta ndio hatukujua.

Mkubwa wetu, Docteur Rénovat, alifurahia vile viota kumi na saba kama mtu aliyepata mjukuu. Akazungumza na wahusika, ikatoka amri: hakuna mvuvi kukaribia mlango wa mto mpaka Januari, ndege walee makinda yao. Hakuna aliyekwenda kutazama, maana karatasi ilikuwa imeshatutazamia. Ijumaa ya pili tukateremka mwaloni, pale mitumbwi inapopakuliwa, kuwatangazia wavuvi. Mimi nilikuwa mwandishi wa mkutano.

Faruk, mkubwa wa timu ya nyavu, ndiye aliyesimama kwanza. Hakupaza sauti.

"Docteur, ile siku kisiwa haikukuwa. Tulipita juu yake na mitumbwi. Sasa ndege walizalia wapi, mu hewa?"

Watu wakacheka. Docteur hakucheka. Akatoa fishi kwenye jalada, akaisoma yote, tarehe, ndege, viota, upepo wa kusini kidogo, halafu akaiinua watu waione.

"Na shahidi ni mutu wenu. Muzee Twalibu. Si huyu hapa?"

Kicheko kikakatika. Wote wakamgeukia mzee. Akaja mbele polepole, akaishika ile karatasi, akaiangalia muda mrefu kuliko inavyohitaji kusomwa. Akamtazama Joëlla mara moja tu.

"Iyi sinyatire ni yangu," alisema, akaenda kukaa.

Neno moja tu lilihitajika pale. Joëlla alikuwa anatazama viatu vyake. Na mimi niliyemwona akijaza kwa macho yangu mawili, kalamu mkononi, niliandika: shahidi amethibitisha.

Amri ikakaa. Wavuvi hawakumtukana mzee, walimnyamazia. Uvuvi wa ziwa hili ni wa timu, na hakuna timu iliyomtaka mtu aliyewauzia mlango wa mto kwa saini. Boti yake ikalala mchangani siku tisa. Joëlla naye alikonda. Siku ya tisa akaniomba nimsindikize Buyenzi, tukaenda na kilo mbili za sukari, utafikiri sukari inafuta kitu.

Tulimkuta mzee barazani anashona wavu usio na pa kwenda. Mkewe, Mama Sumaya, akatuletea chai na maandazi kabla hatujakaa sawasawa.

"Kunywa, mwanangu," alimwambia Joëlla. "Iyi kazi ya ndege inakumaliza."

Joëlla hakukigusa kikombe. "Muzee," alisema, "kwa nini hukusema?"

Mzee alivuta uzi, akaukata kwa meno.

"Mi niseme nini? Nilisaini karatasi tupu. Mutu akisaini karatasi tupu, chenye wanaandika ni chake. Na we uko mutoto ya watu. Mungu anatusitiri kila siku, mi nikufunue mbele ya mwalo muzima?"

Joëlla akalia. Mimi sikulia, nilikuwa nimejawa na aibu hata machozi hayakupata pa kupita. Yule mzee alikuwa amebeba uongo wetu siku tisa bila kutuomba hata pole.

Kesho yake, kabla ya ofisi, Joëlla alikwenda mwaloni saa ambayo ndagala zinatolewa kwenye mitumbwi na watu wote wapo. Nilikuwa nyuma yake. Alisema kwa sauti ya kusikika na wote.

"Ile siku sikukuja. Niliandika nikiwa mu ofisi. Muzee alisaini mbele, karatasi ikiwa tupu. Uongo ni wangu."

"Na wangu," nikasema. "Niliona, nikanyamaza."

Faruk alitutazama, akamwita Mzee Twalibu aje kushika kamba ya nyavu zao, basi.

Ofisini tukarudia maneno yale yale, amri ikaondolewa. Docteur Rénovat aliziweka mezani fishi zote za Joëlla, za miaka miwili, zote zimesainiwa kwa mtindo ule ule.

"Nitajuaje zipi uliona na zipi uliota?" alimuuliza.

Zikatolewa zote kwenye hesabu, kitabu kikarudi ukurasa wa kwanza. Mimi nilipewa barua ya onyo, nayo ilikuwa haki yangu.

Tangu hapo sheria ni mashahidi wawili, na saini hapohapo majini. Shahidi wa pili ni mimi, ninayeogopa hata beseni. Desemba tulivuka kwa mara ya kwanza. Kisiwa kilikuwa kimeanza kutoa mgongo, mchanga mbichi, hakuna ndege hata mmoja. Joëlla akaandika: ndege sifuri, viota sifuri, upepo wa kusini, kidogo. Akampa mzee.

Zamani asingeitazama. Sasa alitoa miwani kwenye mfuko wa plastiki, akasoma mstari kwa mstari, kidole kikifuata maneno. Kwenye sifuri akainua macho, akatazama mchanga. Kwenye upepo akasimama. Akalowesha kidole mdomoni, akakiinua juu, akangoja, na sisi wawili tukangoja naye.

"Ni ya kusini," alisema, ndipo akasaini. Joëlla akaipokea kalamu bila kumtazama usoni, akanipa mimi.