Msimamizi wa Nyumba Zetu za Mikumi

Mume wangu alipopata kiharusi, simu yangu ndiyo iliyotaka kunipeleka kaburini. Sisi tunakaa Kilosa, karibu na reli. Nyumba za kupangisha ziko Mikumi, mbili ndefu zinazotazamana, katikati uwanja, nyuma choo na bomba. Wapangaji ni wafanyakazi wa loji za watalii, mafundi wa gereji, dereva wa lori la miwa anayeshinda Kidodi, na mama mmoja mpika chai aliyehamia kabla hata hatujapiga plasta.

Basi wewe uko chumbani unamgeuza mgonjwa, ukisema umshike vizuri asidondoke, simu inalia. Unadhani kuna jambo. "Mama mwenye nyumba, shikamoo. Yule wa chumba cha mwisho amepiga pasi nguo za wiki nzima na umeme umekata." Kwa sababu upande mzima walikuwa wanatumia luku moja, ile mita ya umeme wa kununua, na luku moja kwa vyumba vingi ni vita visivyoisha. Hujakaa, anapiga mwenye pasi naye kujitetea. Kesho choo kimejaa. Keshokutwa kitasa. Nilijibu watu vibaya siku zile, sifichi. Kuna mmoja nilimwambia kama umeme umekata alale, usiku umeumbwa kwa ajili hiyo.

Mwanangu wa Dar alikuja, akakaa siku mbili, akaona hali. Akasema, "Mama, uza. Utakufa na wewe." Alisema kwa nia njema kabisa, ila alisemea mlangoni mwa chumba cha baba yake. Nilipoingia nilimkuta mzee anatoka machozi, na mkono mmoja hauwezi kuyafuta.

Niwaeleze kidogo kuhusu mtu huyu. Babu yake aliletwa huku kufanya kazi ya reli, akaishi kwenye nyumba za kampuni mpaka nguvu zikamwisha, akatolewa na virago vyake. Mume wangu alikua akisikia habari hiyo kila siku. Matofali ya Mikumi aliyachoma mwenyewe, misumari ya bati alipigilia mwenyewe, na kila tulipopita pale alikuwa lazima ashuke apapase ukuta. Nikajua tukiuza, tumemzika akiwa anapumua. Daktari alishaniambia hana muda mrefu. Nilichotaka ni kitu kimoja tu, muda huo auishi akiwa na nyumba zake.

Dalali tulimjaribu kwanza. Yule kazi yake ilikuwa kuingiza mtu na kupotea. Ndipo shemeji yangu anayekaa Mikumi akanitajia mwanamke mmoja aliyewahi kuwa msimamizi wa vyumba kwenye loji, sasa anasimamia nyumba za watu. Anatafuta wapangaji, anaandika mikataba, anapokea kodi, anatafuta fundi, anaamua ugomvi. Wewe mwenye nyumba unaletewa habari tu.

Alikuja Kilosa mwenyewe. Mwanamke wa makamo, mrefu, kitenge kimenyooka utadhani hakupanda basi. Akanipa shikamoo, nikaitikia marahaba, akaomba kwanza aingie kumsalimia mzee. Hakuanza na biashara. Alipiga magoti kidogo pembeni ya kitanda, akamwambia, "Mzee, zile kuta zako nimezipita jana. Hazina ufa." Mume wangu akafungua macho yote mawili.

Tulipokaa sebuleni akanieleza masharti yake, yote ya maana, mpaka mwisho akasema, "Kila kitu nitakufanyia, mama. Isipokuwa msiba."

"Msiba umefanyaje?"

"Mpangaji akifiwa au akifa, siendi kwa niaba yako. Nitakwenda kwa niaba yangu. Neno la mwenye nyumba uje ulitoe mwenyewe."

Huku kwetu ndivyo ilivyo. Mtu akifia kwenye nyumba ya kupanga, ndugu hawamwondoi kwenda kumzika kwao mpaka mwenye nyumba asimame aseme kwamba marehemu aliishi nasi vizuri, kwamba anaondoka kwa heshima. Bila neno hilo anaondoka kama mtu aliyefukuzwa. Nalijua hilo tangu nikiwa mtoto. Lakini siku ile lilinikera.

"Mwanangu," nikamwambia, "mimi nakuajiri ili nisitoke ndani, wewe unanipangia safari?"

Hakubishana. Akanisimulia kwamba mama yake alipokufa, kule lojini bosi alimtuma dereva na bahasha ya rambirambi, na dereva hata hakukaa mkekani. "Ile bahasha niliirudisha," akasema. Moyoni nikasema huyu ana mambo. Nikasaini.

Simu zikanyamaza. Jamani, mtu asiyewahi kuwa na wapangaji hawezi kuelewa utamu wa simu isiyolia. Wiki za kwanza nilikuwa naitazama nikidhani imeharibika. Kila chumba kikapata luku yake, mwenye pasi akapiga pasi mpaka akachoka. Choo kikanyonywa kabla hakijajaa, jambo ambalo mimi katika maisha yangu yote ya ndoa sikuwahi kuliona.

Ijumaa jioni ndiyo ilikuwa siku ya ripoti. Naweka simu kwenye spika juu ya mto, naye msimamizi anamweleza mzee, wala si mimi. Mfereji umezibuliwa. Bati la upande wa barabarani limekazwa. Nesi mpya amehamia, mtaratibu, anapenda maua. Mume wangu alikuwa anasikiliza kama watu wanavyosikiliza mpira. Mwisho wa maongezi yule mama alikuwa hakosi kuniambia, "Mama, mwambie mzee nyumba zake ziko salama." Na mzee yupo hapo hapo, anamsikia. Hata hivyo nilikuwa namgeukia namwambia, naye anaitikia kwa kichwa. Nilimtania kwamba ananiwekea mke mwenza kwenye simu. Alicheka kwa upande mmoja wa mdomo, mate yakamtoka, nikamfuta, tukacheka tena.

Kisha mama wa chai akafa. Aliugua kidogo tu, tukadhani malaria. Msimamizi akanipigia mchana, siku ambayo si Ijumaa, nikajua.

"Ndugu zake wanamchukua kesho kwenda kumzika kwao Malolo. Wanakusubiri, mama."

"Na mzee nimwache na nani? Hivi unaniona nina mikono mingapi?" Nilimfokea kwa kweli. Nilimwambia mkataba gani huu wa kunitesa.

Aliniacha nikamaliza. Akasema, "Mimi pole yangu nimeshaitoa. Nakuja huko. Nitakaa naye mpaka urudi."

Jioni akashuka na kikapu chake. Nikamwonyesha uji unavyopikwa, dawa, jinsi ya kumgeuza. Akaniambia aliuguza mama yake, nilale. Asubuhi nikapanda gari, njia nzima nimevimba kwa hasira, na vumbi juu yake.

Nilipoingia ule uwanja, wapangaji wote walisimama. Sikutegemea. Wanawake wakanipisha mkekani, nikakaa karibu na binti wa marehemu, mama mzima mwenye watoto wake, akaniegemea begani na kulia kama tumezaliwa pamoja. Muda ulipofika nikasimama. Nilikuwa nimepanga maneno garini, yote yakanipotea. Nikasema tu kwamba mama huyu alituamini tukiwa hatuna hata mlango, kwamba aliwasha moto wa kwanza kwenye nyumba hii, na kwamba anatoka kwake, siyo kwa kupanga. Nililia mbele ya watu, mimi ambaye hata harusini hawanioni nikilia. Wakambeba, wakampandisha kwenye pikapu, wakaenda Malolo. Hasira yangu sijui iliishia wapi.

Nilirudi Kilosa jua linazama. Mume wangu nilimkuta barazani. Miezi yote ile hakuwa ametoka nje. Msimamizi alikuwa ameita vijana wa jirani wakambeba na kiti, akamfunika miguu kwa khanga, akakaa kwenye kigoda akimsikiliza. Mzee alikuwa anaeleza kwa ile sauti yake ya kukatika jinsi alivyochimba msingi, jiwe moja moja, na yule mama anaitikia "enhe" utadhani kesho anaanza kujenga.

Mume wangu akanitazama. "Umesema?"

"Nimesema."

"Vizuri," akasema, akafumba macho. Usiku ule alikula ugali, kidogo, lakini alikula.

Alituacha masika, asubuhi, nikiwa nimemshika mkono ule uliokuwa bado unashika. Nilipiga simu kwa mwanangu, kisha nikampigia msimamizi. Barabara ilikuwa imeharibika kwa mvua, nikamwambia asihangaike.

Kesho yake mchana likaja basi dogo limejaa tope mpaka madirishani. Wakashuka wapangaji wangu wote, magoti yamechafuka, kwa sababu lilinasa njiani wakalisukuma. Walibeba unga, kuni zilizofunikwa turubai zisilowe, masufuria makubwa. Binti wa mama wa chai alikuwa kati yao, ametoka Malolo. Sikuulizwa kitu. Wakachukua jiko langu, wakafua mashuka ya mzee, wakateka maji. Nilipotaka kuinuka, msimamizi alinikalisha kwa mkono. "Leo kaa, mama."

Kabla jeneza halijatoka, mchungaji aliuliza kama kuna mwenye salamu. Akasimama yule wa pasi. Sikuwahi kumpenda sana mtu yule. Akasema, "Sisi ni wapangaji wa mzee. Tuliishi kwake vizuri. Tunaomba aondoke kwa heshima." Akakaa. Hakusema zaidi ya hayo, na mimi sikuhitaji zaidi. Mwanangu aliyetaka kuuza alikuwa ameinamisha kichwa, na hajalitaja tena neno hilo.

Ijumaa ya kwanza baada ya watu kutawanyika, nilikuwa peke yangu ndani, kitanda kimeshatandikwa. Simu ikalia jioni, saa zile zile. Akanipa ripoti kama kawaida: bomba limevuja, fundi amekuja, nesi amepanda waridi mlangoni. Nilimshukuru Mungu kwamba hakunionea huruma. Nikamsikia anafika mwisho, na mdomo ukamtangulia.

"Haya, mama. Mwambie mzee nyumba zake ziko sa..."

Nilimsikia anavuta pumzi, anatafuta namna ya kuomba radhi.

"Malizia," nikamwambia.

"Ziko salama," akasema kwa sauti ndogo.

"Nitamwambia."

Asubuhi nikavaa khanga, nikaenda makaburini. Udongo ulikuwa bado mbichi. Nikamweleza habari ya bomba, fundi na waridi, kisha nikamwambia.