Jumamosi Ambayo Mjomba Alifunga Saluni

Mjomba wangu ni kinyozi, na ukitaka kujua maisha ya kinyozi, muulize wikiendi yake ni lini. Atakwambia Jumatatu. Yaani siku ambayo watu wote wako kazini na shuleni, yeye ndiyo kashika rimoti, anatafuta wa kupiga naye stori, hamna. Jumamosi na Jumapili ndiyo vichwa vyote vya mtaa vinakumbuka kwamba vina nywele.

Sasa binti yake, tunamwita Kidoti, ana miaka minane, anakaa kwa mama yake, na siku zake za kuja kwa baba ni hizohizo. Kwa hiyo wikiendi ya Kidoti ni benchi la saluni. Anakaa katikati ya wababa wanaobishania mpira, anacheza gemu kwenye simu mpaka chaji inakata, halafu anashika brashi anawafagia wateja shingo. Wateja wanamsifia weee, eti fundi mdogo. Na sisi tulikuwa tunaona raha tu.

Mpaka mama Kidoti akapiga simu. Mjomba aliweka spika kwa sababu mikono ilikuwa na povu, kwa hiyo saluni nzima tulisikia. Hakugomba, na bora angegomba. Alisema mtoto kila Ijumaa jioni anaumwa tumbo, kapelekwa hospitali, hajaonekana na kitu. Jumamosi hii atamleta. Baada ya hapo atakuwa anamuuliza mwenyewe kama anataka kuja, na akikataa, basi.

Mteja aliyekuwa kwenye kiti siku hiyo aliondoka na sharubu upande mmoja fupi, upande mmoja ndefu.

Jumamosi mjomba akafunga. Jamani, mtaani walidhani kuna msiba. Kazi ya kupanga siku iliniangukia mimi, nikaingia mtandaoni nikamtafutia mambo ya kumtosha mwezi mzima, yeye akaambulia mawili tu: bembea na aiskrimu.

"Aiskrimu ikiisha tunafanya nini?" akaniuliza.

"Mnaongea, mjomba."

"Tunaongea nini?"

Huyo ni mtu anayeongea kutwa na watu asiowajua hata majina, ila wawe wamekaa kwenye kiti na yeye amesimama nyuma yao.

Bustanini nilienda nao kwa sababu aliniomba. Aiskrimu ikaliwa. Akauliza shule vipi, akajibiwa nzuri. Akauliza mwalimu vipi, naye mzuri. Kwenye bembea alikuwa anamsukuma kwa vidole, taratibu, kama anainamisha kichwa cha mteja, Kidoti anamwambia nguvu baba, nguvu, na alipoweka nguvu kweli mtoto akacheka mpaka kandambili moja ikaruka. Nikasema moyoni, haya, tumepona.

Ndiyo akatokea kaka mmoja anakuja mbio na jasho lake.

"Kinyozi, umetuua leo. Nimekuta kufuli, jirani akaniambia uko huku. Mimi ndiyo bwana harusi mwenyewe, hebu angalia hiki kichwa."

"Leo niko na mwanangu, kaka."

"Dakika tano tu. Ukoo mzima wa mke unipige picha hivi?"

Hapo mjomba angesema mashine ziko saluni, mambo yangeisha. Lakini mashine ya chaji ilikuwa kwenye begi lake. Hakupanga chochote, naapa, anaibeba tu kama wewe unavyobeba miwani. Akaangalia begi. Bwana harusi naye akaangalia begi.

Bwana harusi akanyolewa kwenye benchi la bustani. Akafuata msimamizi wake. Msimamizi akamwita binamu. Na mjomba alivyochangamka sasa, mdomo ukafunguka, anatania kwamba mke akikimbia leo isiwe kwa sababu ya nywele, hata wapita njia wanacheka. Kidoti hakuitwa na mtu. Alishuka mwenyewe kwenye bembea, akafungua begi, akatoa brashi, akaanza kufagia shingo. Nikawapiga picha. Imetoka nzuri sana, ukiiona utasema familia hii haina shida duniani.

Tulivyokuwa tunamrudisha, mjomba alikuwa anapiga mluzi.

"Umefurahi, mama?" akamuuliza binti yake.

"Ndiyo." Akatembea kidogo. "Baba, si ulisema leo umefunga?"

Mluzi ukaisha.

"Nimefunga, mama. Wale ni... imetokea tu."

"Sawa."

Na hakuisema kwa kununa. Aliisema vizuri, kama mtu mzima anayekusamehe ili usijisikie vibaya, na nadhani hiyo ndiyo ilimmaliza. Njia nzima alikuwa anafungua mdomo na kuufumba.

Getini mama Kidoti akatoka, akamwona mtoto ana vinywele kwenye gauni, akavipangusa. Mjomba akachuchumaa.

"Ijumaa mama akikuuliza, utasemaje?"

"Sijui, baba."

"Hujui."

"Sijui kweli."

Mjomba akatikisa kichwa kukubali, kama vile amepewa jibu. Wakaingia ndani, geti likafungwa, na yeye akabaki amelishika tu. Nilitaka kumwambia twende, ila sikujua nimwambie twende wapi.