Mama Rula na Kipindi cha Kwanza

Walimu walimbandika jina la Mama Rula kwa sababu hakuandika kitu bila kukipigia mstari. Hata barua ya ruhusa ya mwalimu anayeumwa jino aliipigia mstari. Alikuwa karani wa shule, mwaka wa kumi na mmoja pale, na ofisi yake ilikuwa chumba chembamba kati ya stoo ya chaki na chumba cha mwalimu mkuu: meza, kompyuta iliyong'oka herufi mbili, kabati lisilofungika mpaka ulipige teke, na rula ya mbao iliyomegeka pembeni. Rula hiyo haikuazimwa. Mwalimu wa michezo aliwahi kuichukua kupimia kamba, akasemwa wiki nzima.

Jumatatu moja mwalimu wa taaluma aliingia na karatasi mkononi. Huyu ndiye aliyesimamia mitihani ya shule nzima, na ndiye aliyefundisha hisabati darasa la mwisho.

"Dada Karani, nichapie hii kabla ya Ijumaa. Mwalimu mkuu asaini, tumalize."

Ilikuwa orodha ya wanafunzi kumi na tisa waliopata chini ya thelathini kwenye hisabati. Walikuwa wanahamishiwa mkondo wa nyuma. Na kila mtu pale alijua mkondo wa nyuma ni nini: unasoma kidogo, unafagia sana, unamwagilia bustani, lakini mtihani wa kuingia sekondari hufanyi. Ukishaingizwa humo, safari yako imeishia hapo.

Mwaka juzi Mama Rula alichapa orodha kama hiyo. Mwaka jana pia. Alichapa, akazipanga pembe zikae sawa, akaenda nyumbani kula. Lakini mwezi uliopita, alipokwenda machimboni kuagiza kokoto za uani, alimkuta msichana mmoja wa orodha ya mwaka jana ameketi juu ya rundo la mawe na nyundo mkononi. Msichana akamwamkia shikamoo kwa adabu zote, halafu akamwuliza kama ile rula bado ipo. Hakumlaumu kwa lolote. Basi swali hilo la rula likamkaa Mama Rula kifuani kama tonge lililokwama.

"Naomba na daftari la alama, Mwalimu," alisema.

"La nini? Wastani wa darasa upo kwenye kompyuta. Arobaini na saba. Hatujang'ara, lakini hatujaaibika."

"Wastani unawachemsha wote kwenye sufuria moja. Nataka kuona nani kaiva na nani bado."

"Siku hizi umekuwa mwalimu?"

"Nimekuwa mchapaji anayetaka kujua anachochapa."

Mwalimu akacheka, akamrushia daftari mezani. "Ijumaa, dada yangu. Ijumaa."

Jioni ile alitandaza karatasi kubwa kwenye meza ya mumewe, fundi cherehani, vitambaa vikasogezwa pembeni. Darasa lilikuwa na watoto sitini na mmoja. Kwanza aliwagawa wavulana na wasichana. Tofauti yao ilikuwa alama mbili, si kitu. Akawagawa kwa umri, hakuona neno. Akawagawa wenye wazazi wote na waliofiwa, tofauti ikawepo ila ndogo. Ndipo akafungua rejista ya kuandikishwa shule, akachukua kalamu ya kijani, akamwekea nukta kila mtoto anayetokea machimboni. Walikuwa ishirini na mmoja. Akajumlisha, akagawa, akarudia tena maana hakuamini. Wa machimboni walikuwa na wastani wa ishirini na saba kwenye hisabati. Wenzao, hamsini na nane.

"Alama thelathini na moja," alisema. "Si pengo hilo, ni bonde."

Mumewe alichungulia juu ya bega lake, sindano mdomoni. "Si ndivyo Mwalimu anavyosema kila siku? Watoto wa kule hesabu hawana."

"Ngoja."

Akapiga mistari mingine. Sayansi, pengo la alama tatu. Lugha, nne. Jiografia, mbili.

"Haya niambie, baba watoto. Mtoto mzito wa kichwa anachagua kuwa mzito kwenye somo moja tu?"

"Labda mzito ni mwalimu."

"Mwalimu ni huyohuyo mmoja kwa darasa zima. Kata kitambaa chako."

Kilichomkosesha raha zaidi ni wachache ambao hawakukaa kwenye mstari. Kati ya wale ishirini na mmoja, watatu walikuwa na alama nzuri kabisa za hisabati. Wawili walilala kwa shangazi yao karibu na shule siku za masomo. Wa tatu aliletwa na babake kwa pikipiki. Na kwenye orodha ya wanaohamishwa kulikuwa na mtoto mmoja asiye wa machimboni hata kidogo: mtoto wa muuza maziwa, nyumba ya tatu kutoka getini, anayezungusha maziwa nyumba kwa nyumba kabla ya shule.

Kesho yake asubuhi alisimama mbele ya ratiba iliyobandikwa ukutani. Alikuwa ameichapa mwenyewe. Hisabati, kipindi cha kwanza, Jumatatu hadi Ijumaa. Mwalimu wa taaluma ndiye aliyetaka iwe hivyo, akisema asubuhi akili bado ziko safi.

Akaenda moja kwa moja getini kwa mlinzi, mzee waliyemwita Babu Kengele. Mzee huyu alikuwa na daftari la wachelewaji, na aliyeandikwa humo aliokota takataka uwanjani mpaka kipindi cha kwanza kiishe. Hiyo ilikuwa amri ya shule, na Babu Kengele hakuwa mtu wa kuchezea amri.

"Babu, naomba nilione daftari lako."

"Kuna nini, binti yangu? Nimekosea kuandika?"

"Hujakosea. Umeandika vizuri mno."

Majina yaleyale, siku kwa siku, miezi saba. Kumi na wanane wa machimboni na yule wa maziwa. Kumi na tisa kamili.

Wengine wangekimbilia ofisini hapohapo. Mama Rula hakwenda. Alijua atakachoambiwa: basi waamke mapema. Kwa hiyo Jumatano alidamka, akapanda hadi machimboni gizagiza, ili ateremke na watoto wenyewe.

Aliwakuta wameshafika njiani kabla yake, sare zimepigwa pasi, wamechuchumaa nyuma ya kamba iliyokatiza njia. Juu ya mti mrefu kilining'inia kitambaa chekundu. Wafanyakazi walikuwa wanalipua baruti, na njia ya pekee ya kuteremka, aliyoiwahi kabla haijafungwa, hufungwa tangu giza la alfajiri mpaka kitambaa kishushwe.

"Huwa kinashushwa saa ngapi?" alimwuliza msichana mmoja.

"Saa moja, Mama. Wakiwa na roho nzuri."

"Na nyinyi mmefika hapa saa ngapi?"

"Kumi na mbili. Ukichelewa unakosa pa kukaa," mwingine akajibu, wakacheka wote, naye akasogezewa jiwe lake.

Kitambaa kilishushwa saa moja kamili. Wakateremka mbiombio, wadogo wakikimbia ili wakubwa wasiwaache. Mama Rula alivua viatu katikati ya njia, akavibeba kwapani. Kengele ya saa moja na nusu waliisikia kwa mbali. Walipofika getini ilikuwa saa mbili kasorobo na ushee, naye anahema kama mvukuto.

Babu Kengele alimtazama toka miguuni hadi kichwani. "Hata wewe, Karani?"

"Niandike, Babu."

"Acha utani, binti yangu. Pita."

"Sheria ya geti ni ya nani? Niandike kama wenzangu."

Mzee akaandika. Na Mama Rula akainama kuokota karatasi uwanjani, mwalimu wa taaluma akimwona kupitia dirishani, chaki imesimama hewani.

Alhamisi aliitandaza karatasi yake mbele ya mwalimu wa taaluma na mwalimu mkuu, mama mmoja mpole asiyependa maneno mengi. Juu ya karatasi aliweka daftari la getini, likiwa wazi kwenye jina lake. Akaeleza taratibu, mstari kwa mstari.

"Unasema nafundisha vibaya," mwalimu wa taaluma alisema.

"Hapana, Mwalimu. Hao watatu wanaowahi kipindi chako wanafanya vizuri. Unafundisha vizuri sana. Hawa wengine hawajawahi kukusikia."

Mwalimu aliinama juu ya daftari, akafunua kurasa kwa muda mrefu. Alikuwa mtu wa kiburi kidogo, lakini hesabu hakuwahi kuzidanganya. "Miezi saba," alisema mwishowe. "Nimewapa mtihani watu waliokuwa wanaokota makaratasi."

Mwalimu mkuu aliirudisha orodha bila kuisaini. Hisabati ikapelekwa baada ya mapumziko, na adhabu ya getini ikafutwa kwa wale wa njia ya kitambaa na kwa yule wa maziwa. Baada ya wiki sita, mtihani ukarudiwa.

Siku ya matokeo mwalimu wa taaluma alileta daftari mwenyewe, akasimama mlangoni kama mwanafunzi anayesubiri kuitwa. Mama Rula akapiga mistari. Wa machimboni, arobaini na tano. Wenzao, hamsini na saba.

"Kumi na mbili," Mwalimu alisema. "Kutoka thelathini na moja. Na waliobaki chini ya thelathini ni watano tu. Sasa orodha unaweza kuichapa fupi."

Mama Rula hakuigusa kompyuta. Alilipiga teke kabati likafungika, akachukua karatasi mpya na kalamu ya kijani, akaandika majina matano juu.

"Keti, Mwalimu," alisema, akimsogezea kiti na, kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na mmoja, rula. "Piga mistari wewe. Mimi nisome majina. Tuanze na huyu wa kwanza, anakaa wapi na nani?"