Sahihi Ilikuwa Yangu

Akina mama, shikamooni mlio wakubwa zangu. Wadogo zangu, habari za asubuhi. Nesi ameniomba niwaeleze yaliyonipata katika mimba yangu ya pili. Nitaeleza polepole. Asiyeelewa aniulize, sina haraka.

Nilizaliwa Busawe, nikaolewa Nyangoto. Aliyenioa ni mwanamke. Wengi mnaijua nyumba ntobhu, lakini naona humu kuna wageni, kwa hiyo nafafanua: mama aliyezeeka bila mtoto wa kiume anatoa ng'ombe, anaoa binti, na watoto wa yule binti wanakuwa wa nyumba yake. Mwanaume unayezaa naye hana sauti hapo. Ndivyo Mama Bhoke alivyonioa. Tulilima mahindi na mihogo, tukafuga mbuzi, tukacheka sana. Nikamzalia Robi, msichana. Alimpenda, ila bado alikuwa akimngoja mvulana wa kurithi boma.

Mimba ya pili ilipofika mwezi wa sita, miguu ilivimba. Ukibonyeza kidole, shimo linabaki. Mama Bhoke akafurahi.

"Mvulana huyo," akasema. "Ni mzito, ndiyo maana miguu inalalamika."

Nikaamini kwa sababu nilitaka kuamini. Uso nao ukavimba. Kichwa kikaanza kugonga hapa mbele; nikameza dawa za maumivu, nikaenda shambani. Siku ya nne niliona cheche mbele ya macho, nikatapika, na chini ya mbavu za kulia nikahisi kama mtu ananikandamiza kwa ngumi. Jirani mwenye bodaboda akatupeleka hospitali ya mjini, mimi katikati, Mama Bhoke nyuma amenishikilia.

Mapokezini palikuwa na nesi mgeni, hajazoea huku.

"Mume yuko wapi?" akauliza, kalamu mkononi.

"Ni mimi," Mama Bhoke akajibu.

Nesi akacheka. "Bibi, nauliza mume."

"Na mimi nimekujibu. Ng'ombe nimetoa mimi. Andika."

Nesi mwingine, binti wa Tarime, akamwambia mwenzake, "Andika tu, dada. Huku kwetu ipo." Wakacheka wote wawili. Kisha yule wa Tarime akanipima presha. Akahamia mkono wa pili, akapima tena. Hakucheka tena.

Daktari alikuja akakaa kwenye ukingo wa kitanda. "Kifafa cha mimba kinakunyemelea," akasema. "Dawa inakizuia kidogo, haikiponyi. Kinachoponya ni mimba kutoka."

"Na mtoto?"

"Ni mdogo mno. Hapa hatuna mashine za kumlea mtoto wa umri huo, na wewe ulivyo siwezi kukusafirisha mbali. Sitakudanganya, sidhani kama ataishi."

"Tukingoja je?"

"Wiki kadhaa zingemsaidia. Lakini sikuoni ukizifikia. Ukifa wewe, naye anafia humo humo."

"Tunangoja," Mama Bhoke akasema. "Siku tatu tu, daktari. Mungu hashindwi."

"Mama, nakuheshimu. Lakini mgonjwa ni huyu, na akili zake ni timamu. Sahihi ni yake."

Nilishtuka. Tangu niolewe sikuwahi kuamua hata mbuzi wa kuchinja. Wakati huo huo mtoto akapiga teke. Nikaomba nifikirie mpaka saa sita mchana. Daktari akasema saa sita ni mbali, akanipa nusu saa.

Yule nesi wa Tarime akaketi nami. "Toa kila kitu nje," akaniambia. "Unaogopa nini?"

Nikamwambia naogopa kumuua mwanangu. Naogopa kurudishwa kwetu. Naogopa kuitwa mwanamke aliyejipenda kuliko mtoto.

"Sawa. Na unajua nini?"

Hilo lilikuwa gumu zaidi. Nikasema: najua kichwa kinapasuka. Najua sijakojoa tangu alfajiri. Najua Robi ana miaka minne, na Mama Bhoke hawezi tena kubeba ndoo ya maji. Najua mtoto huyu hana pa kuishi nikifa mimi.

Hakuniambia niache kuogopa. Aliniacha niyatazame yote mawili. Hofu zangu zilikuwa za kweli, lakini nyingi zilihusu watu watasemaje. Ile ya mtoto ndiyo iliyobaki, na nilipoiweka kando ya ninayoyajua, nikaona kungoja kusingemwokoa. Hata hivyo, akili haikutosha kuinua mkono wangu. Kalamu niliishika kwa kumfikiria Robi akiniita na mimi siitiki.

Nikaweka sahihi kwenye fomu ya kukubali upasuaji.

"Umevunja nyumba yangu," Mama Bhoke akasema, akatoka.

Sindano za paja zilichoma kama moto. Ninachokumbuka baadaye ni kuzinduka na ulimi uliokatika kwa meno. Waliniambia kifafa kilinishika mlangoni mwa chumba cha upasuaji. Mtoto alizaliwa hai, wa kiume. Alienea kwenye viganja viwili, na mishipa yake ilionekana chini ya ngozi. Walimlaza kifuani kwangu. Asubuhi Mama Bhoke alirudi, akamtazama kwa muda mrefu, akampa jina la baba aliyemzaa yeye mwenyewe. Alasiri mtoto akaacha kupumua. Mama Bhoke alimbeba kwenda kumzika bomani, mimi nikabaki kitandani.

Siku ya tatu maziwa yakaja. Matiti yakawa magumu kama mawe, yakalowesha gauni, na hakuna wa kunyonya. Mkojo ulikuwa na rangi ya chai ya rangi. Macho yaliona ukungu kwa wiki mbili, na dawa za presha nilimeza kwa miezi. Nyumbani Mama Bhoke alinipikia uji wa wimbi kila siku, akauweka karibu na mlango, akaondoka.

Leo presha imetulia, nalima tena. Namshukuru Mungu, na wale manesi. Bado nalia, na kulia hakumaanishi nilikosea. Nanyi, mkivimba uso, kichwa kikigonga, mkiona cheche, msitafute maana tamu, njooni mpimwe. Na likikufikia jambo zito, tenga unachokiogopa na unachokijua, kisha vitazame vyote. Usikifukuze hata kimoja.

Mama Bhoke hajawahi kuniambia nilifanya vyema, nami sijamwomba aseme. Lakini msimu huu wa palizi, mke wa jirani, mjamzito, alikaa chini shambani akasema anaona cheche. Wanawake wakamwambia anywe maji, apumzike mpaka kesho.

Mama Bhoke akatupa jembe.

"Mimi ndiye niliyesema tungoje," akamwambia. "Simama, twende."