Viti vya Njia ya Karakana

Mwezi wa nne kwetu Tanga ni masika, hutoki nje bila kukanyaga tope. Johannesburg ni kinyume chake. Mvua hukoma, anga hutakata, majani ya miti ya barabarani hugeuka kahawia na kuanza kudondoka, na asubuhi baridi huuma masikio hata jua likiwaka. Katika majira hayo, mwaka 2017, nilijifunza kutembea upya nikiwa mtu mzima wa miaka arobaini na sita.

Kiharusi kilinipata mwezi wa pili, nimesimama jikoni namimina uji. Mdomo ulirudi sawa baada ya siku chache, mkono ukafuata, lakini mguu wa kulia ulibaki mzito, na mimi ni fundi cherehani. Mashine za karakana yetu pale Doornfontein ni za umeme. Mguu wa kulia ndio unaokanyaga pedeli, na pedeli haitaki nguvu, inataka mguu unaojua kukanyaga kidogo na kuachia kwa wakati. Siku niliyojaribu kurudi, mguu ulikanyaga ukasahau kuinuka. Mashine ilikimbia na kitambaa mpaka ukingoni, sindano ikavunjika. Mwenye karakana, mtu wa Dar es Salaam, alizima umeme taratibu.

"Dada yangu, nenda kapumzike," akasema. "Mashine yako nakuwekea mpaka mwezi wa sita. Tukianza majaketi ya baridi itabidi nimweke mtu mwingine."

Hakuwa mtu mbaya. Nilimchukia wiki nzima.

Kliniki kulikuwa na mtaalamu wa mazoezi ya viungo, binti wa Kizulu asiyebembeleza mtu. Aliniambia kuunyoosha mguu kitandani hakutoshi. Nitoke nje, kila siku, kabla baridi kali haijaingia, maana barabara ina vijiwe, ina mteremko, ina kingo, na hivyo ndivyo vitakavyoufundisha mguu kuinuka na kushuka. Mguu ukikaa ndani majira yote ya baridi, alisema, utaganda. Kisha akanitazama machoni: "Na usikaekae njiani, mama."

Kutoka geti la ghorofa letu hadi karakana ni mwendo wa dakika kumi kwa mwenye miguu yake. Unawapita vinyozi, unaipita meza ya mboga ya mama mmoja wa Lubumbashi, unalipita duka la spaza, kiduka cha mtaani, unavuka kwenye roboti, ndivyo huku wanavyoziita taa za barabarani, halafu ni uzio mrefu wa chuo mpaka karakana. Mume wangu alikuwa akitoka alfajiri kwenda kwenye maghala ya Midrand, kwa hiyo nilijiapiza kwamba nitakwenda mwenyewe na fimbo yangu.

Sikufika popote. Siku ya kwanza ndiyo kwanza nawakaribia vinyozi, vijana wawili wa Burundi, mmoja akatoka mbio na kiti. "Kaa, mama, pole sana." Mtu kakutolea kiti, utamkatalia vipi? Nikakaa. Tukaulizana habari za nyumbani, za watoto, za mgonjwa, na mgonjwa mwenyewe ni mimi. Nilipoinuka mguu ulikuwa umepoa, umekuwa gogo. Hatua chache mbele, mama wa mboga alikuwa ameshasimama kunipisha kwenye kiti chake mwenyewe, kiti cha plastiki chekundu chenye ufa mgongoni.

"Ikala, mama," akasema kwa Kiswahili chao. "Mugonjwa hasimamake."

Nikakaa tena, na chai nikaletewa. Nilirudi nyumbani nimechoka kwa kukaa. Kesho yake ikawa vile vile, na keshokutwa. Watu wetu ndivyo walivyo, awe Mtanzania, Mkongo au Mrundi. Mgonjwa akisimama mbele yao, wanaona aibu wao. Wiki tatu nzima sikuwahi kuliona hata duka la spaza.

Mwezi wa tano ulipoingia, nikalipuka. Asubuhi hiyo mume wangu alikuwa ameniuliza mwezi wa sita ni lini, kana kwamba hajui, nami nikatoka nyumbani nimefura. Kiti chekundu kilipotolewa, maneno yalinitoka kabla sijayapima.

"Hivi mnataka niwe kilema? Kila nikiinuka mnanikalisha! Ondoa kiti chako, sikitaki!"

Nikakisukuma kwa fimbo. Kikaangukia mafungu ya mboga, majani yakamwagika chini. Yule mama alikiokota kiti, akakipangusa kwa ncha ya kitenge chake, akaanza kuokota mboga. Mimi nikapita kichwa juu, najiona shujaa.

Kesho yake hapakuwa na kiti. Vinyozi waliniamkia kwa mbali na kuinamisha vichwa. Mama wa mboga aliniangalia mara moja, akaendelea kufunga mafungu yake. Nikasema moyoni, vizuri, ndivyo nilivyotaka. Nikalipita duka la spaza kwa mara ya kwanza, nikawa naiona roboti ile pale, na hapo mguu ukaisha nguvu. Nilishika nguzo, nguzo ikaniteleza mkononi, nikashuka taratibu hadi chini kwenye majani makavu. Wanafunzi walinipita na mabegi yao, labda wakidhani nimelewa saa tatu asubuhi. Nililia kwa hasira, na hasira yenyewe sikujua ni ya nani.

Kiti chekundu kikatua kando yangu. Mama wa mboga alikuwa ameiacha meza yake peke yake. Hakusema pole. Alikishika kiti mgongoni kisiyumbe, akangoja mpaka nikajivuta mwenyewe nikakaa.

"Nisamehe, dada yangu," nikamwambia. "Mwezi wa sita wanampa mtu mashine yangu. Nikizidi kukaa, nimekwisha."

Alikuwa mtu wa kwanza kumwambia, ukimtoa mume wangu. Wengine wote walioniuliza hali niliwajibu tunamshukuru Mungu, nikajifunika kanga vizuri. Ugonjwa wangu mtaa mzima uliujua. Shida yangu niliificha kama kitu cha aibu, halafu nikawakasirikia kwa kutoijua.

Aliiangalia fimbo yangu. "Kumbe uko naenda ku kazi? Siye tulizani uko natembea tu." Akacheka kidogo. "Basi kiti itaenda mbele."

Kuanzia siku ile hakuna aliyenitolea kiti njiani. Kiti kilinisubiri mbele. Chekundu kilisimama kwenye roboti, na cha vinyozi kikavushwa hadi kwenye uzio wa chuo, na ilikuwa marufuku kukaa kabla sijakifikia. Kila baada ya siku mbili tatu kilisogezwa. Wale Warundi walikuwa na mchezo wa kukivuta nyuma hatua mbili nikikikaribia, nami nikiwatukana, wao wakicheka mpaka wateja wakatoka na povu kidevuni kuangalia. Nyuma yangu sauti ya Lubumbashi ilisikika mtaa mzima: "Bado, mama! Bado!"

Roboti ndiyo iliyonitesa. Yule mtu wa kijani kwenye taa hamngoji mgonjwa. Mara ya kwanza taa ilibadilika nikiwa katikati, teksi ikapiga honi. Mama wa mboga aliingia barabarani na beseni lake kichwani, akasimama mbele ya teksi, akaanza kumjulia hali dereva na jamaa zake wote. Nilivuka.

Siku za mwisho za mwezi wa tano, miti ilipokuwa mitupu, nilimaliza uzio bila kukaa. Niliingia karakana nikakaa kwenye kiti changu mwenyewe, mbele ya mashine yangu. Mwenye karakana alinipa vipande viwili vya kitambaa akasogea pembeni. Nikakanyaga kidogo. Mashine ikaenda. Nikaachia, ikasimama. Nilirudia mara tatu, kisha nikafunika uso kwa kile kitambaa nikalia mbele za watu, sikujali.

Vile vipande nilivishona vikawa mto wa kiti. Wakati wa kurudi nilimpelekea mama wa mboga, lakini juani nikaona kona moja mguu ulichelewa, mshono umeruka nje ya mstari. Fundi niliyeshona miaka ishirini! Nikaona haya.

"Nipe kwanza nikaufumue," nikasema.

Akauweka kwenye kiti chekundu, akaukalia.

"Utafumua siku nitasimama," akasema, akanimiminia chai. Niliinywa yote nikiwa nimesimama.