Kuomba Bila Kitabu

Niliingia chuo cha kanisa nikiwa na miaka arobaini na saba, shahada mbili na maumivu ya mgongo. Vijana niliolala nao bweni moja waliniita Mzee, na kwa heshima wakaniachia kitanda cha chini. Kengele ililia saa kumi na moja na nusu. Tulisali sala ya asubuhi, tukafagia uwanja, tukanywa uji, kisha Kiyunani mpaka saa ya maharage, na ndagala, dagaa wa ziwani, siku za bahati. Katika hayo yote nilikuwa mwanafunzi mzuri. Kilichonishinda ni Jumatano.

Kila Jumatano alasiri sisi wa mwaka wa pili tulipelekwa kuzuru wagonjwa, kila mmoja na mama mmoja wa parokia. Mama alikaa kimya pembeni, halafu akajaza fomu ambayo hata wagonjwa waliijua: anafaa, au arudie. Aliyeandikiwa "arudie" mara tatu alingoja mwaka mzima zaidi kabla ya kufanywa shemasi. Mimi nilipangiwa muuza ndagala wa mtaa wa Bwiza, mama mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi na subira ya mtu aliyezoea wateja wanaogusa kila fungu bila kununua.

Ziara ya kwanza nilisoma ibada ya wagonjwa yote, pamoja na yale maelekezo ya herufi za mlazo ambayo hayasomwi kwa sauti. Mama aliandika: "Anasoma vizuri sana. Arudie." Bwenini niliwaonyesha vijana sentensi ya kwanza tu.

Ziara ya pili niliacha kitabu chuoni. Badala yake nilitunga sala mwenyewe, nikaikariri Jumapili nzima. Ilikuwa na aya nne. Mgonjwa, bibi mwenye malaria, alisinzia kwenye aya ya pili.

"We mutoto," mama aliniuliza tulipotoka, "ulikuwa unaombea mutu ao unahutubia bunge?"

Arudie.

Kwa hiyo Jumatano ya tatu nilitembea kuelekea Bwiza nikiwa na kitabu kwapani. Mgonjwa alikuwa mzee kutoka Kongo aliyebeba magunia bandarini maisha yake yote. Kisukari kilikuwa kimemla mguu wa kulia, na asubuhi ya pili yake alitakiwa hospitalini. Alikuwa amelala sebuleni, mguu juu ya mto, mkewe akimfukuzia nzi. Nilimwamkia, nikafungua ukurasa.

"Pasta, ngoja kwanza," alisema. "Iyo kitabu iko na jina yangu ndani?"

"Hapana, Baba."

"Basi uifunge."

Nikakifunga. Nilimtazama mama, alikuwa anatazama dari.

"Kesho batanikata uyu muguu," mzee aliendelea. "Uombe nibaki nao. Na usiniletee mambo ya mapenzi ya Mungu yatimizwe. Iyo nitaikubali mi mwenyewe, we omba muguu."

Miaka miwili nilikuwa nimefundishwa namna ya kumwomba Mungu jambo na wakati huohuo kumwachia mlango wa kutokea. Nilitafuta mlango huo kichwani, nikakuta mzee ananikodolea macho. Nikaweka mkono juu ya goti lake, lililokuwa la moto.

"Bwana," nikasema, "mguu huu usikatwe. Anauhitaji." Nilisubiri maneno mengine yaje. Hayakuja. "Amina."

"Imeisha?" mkewe akauliza.

"Imeisha."

"Mungu amesikia," mzee akasema, akafumba macho.

Fomu ilifika chuoni Ijumaa: "Anafaa." Vijana walinipigia makofi, mmoja akanipa yai lake la kuchemsha. Siku hiyohiyo nilipata habari kwamba mguu ulikatwa, chini kidogo ya goti.

Hakuna mwalimu aliyenituma kurudi. Kwa kweli nilijaribu kujishawishi kwamba mgonjwa anahitaji kupumzika, hoja nzuri sana ambayo ilidumu wiki mbili. Alipotoka hospitalini nilikwenda peke yangu, nimeandaa maelezo kuhusu maombi yasiyojibiwa. Alikuwa amekaa kitini, suruali imekunjwa na kubanwa kwa pini.

"Fomu yako," alisema kabla sijaketi. "Ule mama alikupitisha?"

"Ndiyo, Baba."

"Angalau mumoja wetu amefaulu."

Akacheka mpaka akakohoa. Mkewe akamkemea, naye akicheka. Mimi sikujua kama nina ruhusa ya kucheka, nikakaa tu.

"Baba, niliomba kwa moyo," nikasema hatimaye.

"Mi najua. Nilikuwa hapo." Alinyoosha mguu wa kushoto mbele yangu, akavua kandambili. Kwenye kidole kikubwa palikuwa na kidonda kidogo, kama punje ya mahindi. "Sasa njoo uombe uyu."

Nikapiga magoti.